Mpaka Aweze Kutumwa

Mara ya kwanza kumpeleka mtoto maktaba sikufuata vitabu. Nilifuata kimya. Nyumba yetu ipo Tunduma, hatua chache kutoka barabara iendayo mpakani, na malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia huweza kukaa foleni mbele ya geti letu siku mbili mfululizo, injini zikiunguruma, madereva na utingo wakiitana kwa Kiswahili na Kibemba. Mimi nilishazoea. Wanangu wawili wamekulia humo humo, na sasa wapo shule ya bweni, wakirudi likizo wanalalamika kwamba kule usiku ni kimya mno. Lakini mtoto huyu alikuwa na miezi mitatu, na kila lori lilipopiga chafya ya breki alirusha mikono yote miwili juu, akalia mpaka sauti ikakauka.

Alikuwa mtoto wa mdogo wangu. Mdogo wangu alifariki siku ya pili baada ya kujifungua. Sitaandika mengi juu ya siku hiyo, maana kila nikijaribu naishia kugombana na Mungu, na mimi katika ugomvi huo si wa kushinda. Nilirudi nyumbani na mtoto kwenye khanga, kopo la maziwa, na hasira. Nilikuwa nimeshagawa beseni la kuogeshea watoto, nimeshagawa chandarua kidogo, hata nepi za kitambaa nilishazifanya matambara ya kupigia deki. Kwa ufupi nilikuwa nimejistaafisha. Nikaanza upya nikiwa na miaka arobaini na mmoja, na magoti yanayolia ngazi zikizidi tatu.

Siku ya kuanua matanga, nyumbani kwa wazazi wetu Iyula, wakwe walikuja kutoka Ibaba, kule milimani Ileje. Wakaketi upande wao wa mkeka, sisi upande wetu. Mdogo wangu aliolewa kwa taratibu zote, ng'ombe walishapokelewa na kuliwa, kwa hiyo hakuna aliyebisha kwamba mtoto ni wa kwao. Kilichozungumzwa ni lini atachukuliwa. Mama mzaa baba, mwanamke mfupi mwenye sauti ya taratibu, akaeleza kwamba kwa ukoo wao mtoto aliyefiwa na mama hulelewa ujombani mpaka aweze kutumwa. Kutembea tu hakutoshi, kusema tu hakutoshi. Aambiwe, mpelekee babu kikombe, akipeleke, kisha arudi kusema amekipeleka. Akiweza hivyo amekuwa mtu wa nyumba, na nyumba yake ni kwao.

Sijui kama hiyo ni mila ya watu wote wa milimani au ni ya ukoo ule tu. Sikuuliza. Nilikuwa nimempakata mtoto asiyeweza hata kukaza shingo, na kikombe cha babu kilikuwa mbali sana. Baba wa mtoto alikaa karibu na mlango, macho chini. "Sawa, mama," nikamjibu mkwe wetu, "akiweza kutumwa mtamchukua." Nilikubali upesi, kama mtu anayeahidi kulima shamba la mwakani.

Basi, maktaba. Ni jengo la kawaida, lipo mbali kidogo na barabara kuu, lina ukumbi mmoja mrefu, meza, rafu za bati, na karatasi ukutani iliyoandikwa KIMYA kwa herufi kubwa. Nilikuwa nimepita pale miaka mingi bila kuingia. Siku hiyo niliingia na mtoto mgongoni, chupa mkononi, khanga imelowa mate. Mkutubi alikuwa dada mmoja wa makamo, mwenye hijabu, mtu wa Tabora aliyeletwa huku na kazi. Akanitazama, akamtazama mtoto.

"Mama, umekuja na mtoto?"

"Nimekuja naye."

"Hapa ni mahali pa kimya, mama."

"Ndicho nilichokifuata, dada yangu. Kwangu kimeisha."

Akaziba mdomo kwa kiganja asicheke kwa sauti, maana karatasi ya KIMYA ilimhusu na yeye. Akanipa kona ya nyuma, karibu na magazeti ya zamani. Mtoto alilala saa tatu nzima. Na mimi nililala, kichwa juu ya gazeti, na niliposhtuka nilikuta mtu ameniwekea mtandio begani.

Tukawa wa pale. Asubuhi nilipomaliza kazi za nyumbani, mume wangu akiwa ameshaenda kwenye shughuli zake za forodha, nilimbeba mtoto tukaenda kutafuta usingizi. Alipoanza kukaa, usingizi ukapungua, ikabidi kutafuta la kufanya. Nikawa nachukua kitabu chochote cha picha, namsomea kwa kunong'ona. Kwa kuwa tulinong'ona kila siku, neno lake la kwanza alilisema kwa kunong'ona. Lilikuwa "kuku". Alimsogelea kuku kwenye ukurasa mpaka pua ikagusa karatasi, akamwambia jina lake kwa siri. Nililia pale pale, maana mdogo wangu alikuwa na tabia hiyo hiyo ya kusogeza uso kwenye kitu anachokitaka, na mdomo wa chini ukitangulia. Mtoto alikuwa na mdomo ule. Alikuwa na uso wote ule.

Si kila mtu alitufurahia. Palikuwa na vijana waliokuja kujisomea mtihani wa kidato cha nne, na mmoja siku moja aliniambia kwa adabu, "Mama, samahani, sisi tuna mtihani." Nikamwambia, "Na huyu anaota meno, mwanangu. Kila mtu na mtihani wake." Wenzake wakacheka, yeye akakunja uso. Alikuwa na haki. Mkutubi akaamua jambo la busara: akatandika mkeka mwisho wa ukumbi, akaweka katoni la vitabu vya picha, vingine vimetafunwa pembe, akasema Alhamisi asubuhi ni ya kina mama na watoto wadogo, na wenye mitihani waje mchana.

Alhamisi ile ikakua. Akaja mke wa muuza vipuri na mapacha wake. Akaja mama mmoja kutoka ng'ambo, upande wa Zambia, ambaye mtoto wake alikuwa hatulii, kila dakika unamsikia mama, "Isa kuno! Isa kuno!" na wetu wote wakajifunza kuja wakiitwa kwa Kibemba. Mimi nilikuwa mkubwa wao kwa umri, na wote walidhani mtoto ni wa kumzaa mwenyewe, wa uzeeni. Sikuwasahihisha. Aliniita mama, na mimi niliitika.

Alipokuwa na mwaka na miezi mitatu, mama mkwe wa marehemu alikuja kumwona. Alileta viazi nusu gunia na maharage. Baada ya chai akamwita mtoto, akampa kikombe cha bati, akamwambia, "Mpelekee mama kule." Nilikuwa nimekaa hatua nne tu kutoka pale. Mtoto akakitazama kikombe, akakitupa chini ya kochi, akapiga makofi. Bibi akacheka mpaka machozi. "Bado," akasema.

Neno lile nililala nalo. Tangu siku hiyo nilifanya jambo ambalo sikumwambia mtu yeyote, na leo naliandika kwa aibu. Niliamua kwamba nyumbani kwangu mtoto huyu hatatumwa. Hatatumwa kijiko, hatatumwa kandambili, hatatumwa kumwita mtu chumbani. Nikihitaji kitu nainuka mwenyewe, na magoti yangu yale. Wageni wakisema, "Mtume mtoto," mimi nimeshafika jikoni na kurudi. Wakasema namdekeza. Majirani wakanitupia methali zao, mwana umleavyo ndivyo akuavyo, nikawaitikia ndiyo ndiyo.

Mume wangu ndiye aliyeniona. Jioni moja alimwambia mtoto amletee viatu vya ndani, nikaviwahi mimi.

"Mama nanihii," akasema, "huyu ana miaka miwili. Hajui kuleta kandambili?"

"Hajui."

"Hajui, au hafundishwi?"

Nikaziweka kandambili miguuni pake. Naye akazivaa. Alikuwa anampenda mtoto yule kuliko alivyowahi kuonyesha kwa wanawe, na nafikiri aliamua kutojua.

Nilijiona mjanja. Nilifunga milango yote ya nyumba, nikasahau ule niliokuwa naupita kila Alhamisi. Pale mkekani mkutubi alikuwa na mchezo wake. Alivipanga vitabu kwenye rafu ya chini, kurasa za mbele zikitazama nje, halafu anamwita mtoto mmoja mmoja: "Kaniletee kitabu cha ng'ombe." Mtoto anakwenda, anachagua, analeta. "Haya, mpelekee mama wa mapacha." Anapeleka. "Umempa?" "Nimepa." Na sisi wote makofi. Wangu alikuwa hodari kuliko wote. Alikuwa anakwenda kwa hatua fupi za haraka, kitabu amekikumbatia kifuani, na hakosei mtu. Nami nilipiga makofi kuliko wote, nikijisifu moyoni kwamba mwanangu anasoma. Naapa sikuwahi kuliona lile kuwa ni kutumwa. Kwangu kutumwa kulikuwa kwa vikombe, maji, chumvi, na moto wa jirani. Kitabu kilikuwa ni masomo.

Bibi alikuja tena mtoto akiwa na miaka miwili na miezi minne. Safari hii alikuja na nia, niliiona kwenye mfuko aliobeba, mtupu, umekunjwa vizuri. Nami nilikuwa na nia yangu. Nilitaka kumwomba atuachie mtoto mpaka aanze shule, na ikiwezekana amalize na shule yenyewe. Hoja zangu nilizipanga usiku kucha: mjini kuna zahanati karibu, kuna umeme, kuna shule ya awali. Na kuna maktaba. Nilijiambia akiona kwa macho yake jinsi mtoto anavyofunguka pale, jinsi anavyojua picha zote na majina yake, ataona ni dhambi kumtoa. Ilikuwa Jumatano. Nikamwambia, "Mama, kesho usiondoke kwanza. Nataka ukaone mjukuu wako anakosoma."

Alikubali. Mimi mwenyewe nilimpeleka. Hakuna aliyenilazimisha, hakuna aliyenisingizia. Nilijipalia makaa kichwani na nikatembea nayo mpaka maktaba.

Alivua viatu mlangoni, ingawa hakuna anayevua. Akakaa mwisho wa mkeka, miguu ameikunja pembeni, anatazama rafu. Nikamwonyesha kila kitu. Niliongea sana, mpaka mkutubi akanikazia jicho la kimya kimya. Kisha mchezo ukaanza. Watoto wawili walikwenda, mmoja akarudi na kitabu, mwingine akabaki kwenye rafu anajifunika nacho uso. Zamu ya wangu ikafika.

"Kaniletee kitabu cha ng'ombe," mkutubi akasema.

Akakileta.

"Vizuri. Sasa mpelekee bibi, yule pale. Bibi mgeni."

Nilikuwa nimeshanyanyua mikono kupiga makofi ndipo nikaelewa. Mtoto alikuwa ameshaondoka. Alipita katikati ya mapacha, akamzunguka mama wa kutoka ng'ambo, akafika mbele ya bibi. Akapiga goti. Hilo la goti hakuna aliyemfundisha kwangu, nadhani aliliona kwa majirani. Akakitoa kitabu kwa mikono miwili. Bibi akakipokea. Mtoto akageuka, akarudi mbio kwa mkutubi, akasema kwa sauti, si kwa kunong'ona, "Nimepa bibi!"

Wote wakapiga makofi isipokuwa mimi. Bibi aliweka kitabu mapajani. Akakutanisha viganja, akavipiga taratibu mara tatu, kwa namna wanavyoshukuru kwao, huku amenielekea mimi na kichwa ameinamisha.

"Mwanangu," akasema, "umetulelea. Mtoto anatumwa."

Ningependa kuandika kwamba alikuwa mwanamke mbaya. Ingenisaidia. Lakini alikuwa analia. Alikuwa amempoteza mkwe aliyempenda, mwanawe anaishi kwenye nyumba isiyo na sauti, na tangu matanga alikuwa anahesabu miezi kama mimi, ila yeye alihesabu kwenda mbele na mimi nilihesabu kurudi nyuma. Alinishukuru kwa moyo wote. Sijawahi kuichukia shukrani ya mtu kama nilivyoichukia ile.

Nilijaribu. Njiani nilimwambia habari ya zahanati, ya umeme, ya shule. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Ni kweli yote, mwanangu," akasema. "Lakini ulisema akiweza kutumwa. Na wewe ndiye uliyenipeleka nikaone." Mdomo huponza kichwa, nami mdomo wangu ulikuwa umefanya kazi siku hiyo tangu asubuhi. Nikamwambia kwamba kitabu si kikombe. Akacheka kidogo, kwa huruma, akanishika mkono, tukavuka barabara kati ya malori mawili.

Mchana huo nilirudi maktaba peke yangu. Mkutubi alikuwa anafuta mate kwenye vitabu kwa kitambaa. Nikamwambia maneno ambayo sijui yalitoka wapi. Nikamwambia yeye hana mtoto, ndiyo maana anachezea watoto wa wenzake. Nikamwambia kwamba amenichukulia mwanangu kwa michezo yake ya kipuuzi. Vijana wa mtihani waliinua vichwa. Yeye aliendelea kufuta jalada lililokwisha kukauka. Hakujua lolote kuhusu kikombe cha babu, sikuwahi kumwambia. Angejua, angeacha. Nilijua hivyo hata wakati natukana, na nikaendelea.

Baba yake alikuja kumchukua Jumamosi ya pili. Wanaume wa kwao hawasemi sana. Alisimama sebuleni, kofia mkononi, akasema, "Shemeji, nashukuru." Mume wangu alitoka nje, akajifanya anaangalia tairi la pikipiki ya jirani. Nilikuwa nimefunga nguo kwenye begi mara mbili, nikazitoa, nikazifunga tena. Mtoto alifurahi, maana aliambiwa anapanda gari. Alipungia mkono kila mtu, akayapungia na malori. Majirani walikuja kunifariji jioni, na mmoja, kwa nia njema kabisa, akasema nishukuru Mungu kwamba si mtoto wangu mwenyewe, maana uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nilimwomba aende kwake. Aliyeitunga methali ile hakuniona nimekaa kwenye sakafu ya bafuni na beseni tupu.

Miezi miwili sikukanyaga maktaba. Siku niliyokwenda ilikuwa Alhamisi, na nilikwenda kuomba radhi. Nilisimama mlangoni. Mkeka umetandikwa, watoto wapya wawili, mapacha wamekua. Mama wa kutoka ng'ambo akaniona kwanza, akafurahi.

"Mama, karibu! Mtoto yuko wapi leo?"

"Yuko kwao," nikasema.

Akanitazama asielewe. Mkutubi aliinuka kutoka mkekani, akanivuta mpaka nyuma ya rafu za magazeti, na pale tukalia wote wawili bila sauti, kama sheria ya nyumba ile inavyotaka. Nilimwomba msamaha. Akasema, "Dada, mimi kweli sina mtoto. Hukusema uongo." Hilo liliniumiza kuliko kama angenipiga kofi.

Yeye ndiye aliyenishauri niende nikamwone. Nilikuwa naogopa. Lakini mvua zilipokatika nilikwenda, gari mpaka Mpemba, lingine njia ya Isongole, na mwisho bodaboda, kupanda tu, baridi inaingia mpaka kwenye meno. Nilikuta nyumba ya bati, moshi unatoka jikoni, viazi vimeanikwa juu ya gunia. Mtoto alikuwa amenenepa. Nilikuwa nimejiandaa kumkuta amekonda, na nakiri sehemu yangu moja mbaya ilitaka iwe hivyo. Mashavu yalikuwa mekundu kwa ubaridi. Alikuwa anamwambia kuku jambo kwa Kindali, kwa sauti ya juu, na mimi Kindali nasikia neno moja katika matano.

Aliniona. Hakukimbia kuja. Alisogea pole pole, akasimama mbele yangu, mdomo wa chini umetangulia, akanitazama usoni kwa muda mrefu. Kisha akajisukumia katikati ya magoti yangu, akaweka uso wake kwenye khanga, akabaki hivyo. Bibi alitaka kumwondoa aniandalie kiti. Nikamwambia amwache, nimeshakaa.

Nilishinda naye siku nzima. Alinionyesha zizi, alinionyesha mbwa, alinionyesha mahali anapolala. Tulikula pamoja. Baba yake alirudi kutoka shambani, akatuona tumekaa, akarudi alikotoka bila kuingia. Sikuwa na mpango wa kulala, kwa sababu nilijijua. Ningelala usiku mmoja, nisingeweza kutoka.

Alasiri nilipochukua begi langu, mtoto aliinuka kabla yangu. Akaingia ndani, akatoka na viatu vyake, vile nilivyomnunulia mimi, vimeshaanza kumbana. Akakaa chini mbele yangu, akaninyooshea mguu.

Alidhani nimekuja kumchukua. Siku nzima ile, kuanzia alipojisukumia katikati ya magoti yangu, alikuwa anajua kwamba tunaondoka wote.

Nikamvalisha kiatu cha kwanza. Nikamvalisha cha pili. Sikuwa na uwezo wa kufanya kingine. Bibi aliinama nyuma yangu, akaninong'oneza, na sauti yake ilikuwa na maumivu kama yangu: "Usimuage, mwanangu. Akikuona unaondoka atalia mpaka kesho. Mtume kitu, halafu uende."

Sikuwa nimewahi kumtuma mtoto yule hata mara moja. Miaka yote miwili na zaidi niliyoishi naye sikuwahi kumwambia niletee. Nikamshika mabega, nikamtengeneza kola ya sweta.

"Mama," nikamwambia, kama tunavyowaita mabinti wetu wadogo, "nenda jikoni kaniletee kiazi."

Akafurahi. Akageuka kwenda, akafika katikati ya uwanja, akasimama.

"Kimoja?"

"Viwili," nikasema, ili achelewe.

Akaenda na hatua zake zile fupi za haraka. Nikashika begi, nikapita nyuma ya zizi nikiteremka kuelekea kwa bodaboda, niliyekuwa nimemwambia asubiri mbali asije akawasha injini karibu na nyumba. Njia ilikuwa na utelezi, na sikuwa naona vizuri ninapokanyaga. Nilikuwa bado sijafika kwenye kona nilipomsikia mlangoni. Hakuwa analia. Alikuwa ananitafuta tu, kwa sauti ya mtoto aliyemaliza kazi aliyopewa.

"Mama, viwili! Mama, nimeleta!"

Nikaongeza mwendo.